Kambi ya Macho ya Kidato cha Tatu

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa leo, na mvua nayo ikafunguliwa. Mwalimu mkuu wetu, Bi Aida, alitukusanya walimu wote kumi na saba katika chumba cha walimu, ambacho kinavuja kwenye pembe moja tu, na pembe hiyo ndiyo yenye meza yangu. Akatutangazia jambo jipya. Kila Alhamisi saa nane mchana wasichana wa kidato cha tatu watafundishwa usimamizi wa miradi. Si somo la mtihani, alisema, ni ujuzi wa kazi: msichana akitoka hapa ajue kulipanga jambo, kuligawa, kulisimamia na kulifikisha mwisho. Na walimu nao wajifunze, ili mwakani tuweze kufundisha wenyewe. Mfundishaji atatoka nje ya shule. Panatakiwa mwalimu mmoja wa kukaa naye muhula mzima na kuandika kila linalotendeka.

Kila mtu akainamia viatu vyake. Mimi nilikuwa nikisogeza vitabu visilowe.

"Ahsante sana, Mwalimu Abdulbasit," akasema Bi Aida.

Nimefundisha Kemia na Hesabu hapa Kibokoni miaka ishirini na sita. Nimesimamia mitihani, maabara, harusi za wadogo zangu watatu, na kila siku namsimamia mama yangu mzazi. Sijui huyo mgeni ataniongezea nini. Lakini nimeambiwa niandike, basi naandika.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Mama amemimina chai nje ya kikombe, akakilaumu kikombe.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Sikufanya kazi.

Alhamisi, 8 Mei

Amekuja. Anaitwa Bi Nasipwondi, mtu wa Bungoma, na huu ni mwaka wake wa kumi na mbili Mombasa. Anafanya kazi Shimanzi katika kampuni ya malori. Kazi yake, kwa maneno yake, ni kuhakikisha kontena likishuka bandarini linakuta lori, lori linakuta dereva, na dereva anakuta godauni liko wazi. Aliingia darasani na mabuti ya mvua, na kwapani bunda zima la karatasi ya kaki, ile ya kujaladia madaftari. Nilitaraji kitabu. Hakuwa na kitabu.

Akawauliza wasichana: "Nani amewahi kuona jambo limeandaliwa, kisha likaharibika?"

Hanin akainuka kabla ya kuruhusiwa. Hanin ni msichana ambaye mdomo wake haujapata likizo tangu kidato cha kwanza. Katika ripoti zake nimeandika "anaongea sana" mara tano. Akasimulia siku ya zawadi ya mwaka jana: sambusa zilifika saa mbili asubuhi, wageni saa tano, viti saa sita, na kipaza sauti kilikuwapo lakini waya wake ulibaki kwa fundi. Darasa likaangua kicheko.

"Nani aliyeandaa?" akauliza Bi Nasipwondi.

Wasichana arobaini wakatazama dari.

"Mimi," nikasema.

Yeye hakucheka. Alibandika karatasi ya kaki ukutani, akaandika kila kazi ya siku ile kwenye mstari wake: viti, chakula, waya, barua za wageni. Zilikuwa nane. Mbele ya kila moja akauliza ilikuwa ya nani. Jibu lilikuwa moja. "Mwalimu amebeba mzigo wa watu wanane peke yake," akasema. "Kosa si lake. Kosa ni kuwa kazi saba hazikuwa na mwenyewe."

Nimerudi nyumbani nisijue nimesifiwa au nimesutwa. Mke wangu, Lamis, anasema yote mawili.

Alhamisi, 15 Mei

Leo wamechagua mradi. Walianza na mambo makubwa makubwa: kusafisha bahari, kumaliza dawa za kulevya. Bi Nasipwondi akawasikiliza, kisha akawauliza swali moja: "Utajuaje kama umemaliza?" Bahari ikafutwa. Dawa za kulevya zikafutwa.

Kisha akanyanyua mkono Shahd. Nilishtuka. Shahd hukaa nyuma dirishani, na sauti yake nimeisikia wakati wa kuita majina tu. Akasema nyanya yake anasoma Kurani kila alfajiri, lakini siku hizi anasoma zile sura alizozihifadhi tu. Anafungua msahafu, anapitisha kidole kwenye ukurasa, na kinywa kinasoma kitu kingine. "Zile ambazo hakuzihifadhi ameziacha," akasema. "Nimemuona akizililia."

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja akasema babu yake yuko hivyo hivyo. Mwingine akasema shangazi yake. Kumbe kila nyumba ina mmoja.

Mwalimu Seth, anayefundisha Fizikia, alikuwa mlangoni akisubiri darasa liishe. Yeye anakaa Likoni, na katika kwaya ya kanisa lao anaimba na daktari wa macho, Daktari Kingi. Amesema atamuuliza.

Ijumaa, 16 Mei

Mama amesalimia kanzu yangu iliyotundikwa msumarini. Kwa heshima zote.

Alhamisi, 22 Mei

Daktari amekubali. Yuko huru siku moja tu, Jumamosi ya tarehe 14 Juni, na atakuja na wasaidizi wanne. Ana uwezo wa kuona watu mia na sitini, si zaidi.

Darasa zima likakaa na sentensi moja kwa nusu saa. Walianza na "kuboresha afya ya jamii". Bi Nasipwondi akaikata. Wakaandika, wakakata, wakaandika. Mwisho ikatoka hii: *Jumamosi tarehe 14 Juni, wazee mia na sitini wa Mji wa Kale wapimwe macho na daktari hapa shuleni, na kila mwenye mtoto wa jicho aondoke na tarehe ya kupasuliwa.* Nakiri ni sentensi safi. Hata mjinga atajua imetimia au haikutimia.

Kisha likaja la kuchagua msimamizi. Mimi nikampendekeza Hafswa, wa kwanza darasani, mtulivu, mwandiko wa dhahabu. Bi Nasipwondi akanishukuru, kisha akamgawia kila msichana kikaratasi. "Andika jina la mtu unayemwita ukikwama." Vikaratasi arobaini. Thelathini na kimoja vilikuwa na jina la Hanin. Hafswa mwenyewe aliandika Hanin.

Nasema hapa tu: wamekosea.

Jumatano, 28 Mei

Ukuta wote wa nyuma wa darasa sasa ni karatasi ya kaki. Kazi arobaini na tatu, kila moja na jina moja na tarehe moja, na kati ya kazi na kazi wamepitisha uzi mwekundu kuonyesha ipi inamngojea nani. Pembeni kuna orodha ya mambo yanayoweza kwenda mrama na dawa yake: mvua, feri, umeme, mgonjwa kuzirai. Shahd amepewa kazi ya kuwaalika wazee nyumba kwa nyumba kwa kadi mia na sitini, kila kadi na saa yake, ili wasije wote kwa pamoja.

Nilitafuta jina langu. Nililitafuta toka juu hadi chini. Nimelikuta mara moja: *Mwalimu Abdulbasit: kufungua lango, saa kumi na mbili asubuhi.*

Ijumaa, 30 Mei

Miaka ishirini na sita, kisha niwe bawabu. Leo baada ya sala ya Ijumaa nilimwendea imamu wetu nikamwomba atangaze kambi ya macho. Alifurahi sana. Akanituma kwa wenzake wa misikiti miwili mingine, nao wakatangaza baada ya Alasiri: wenye matatizo ya macho wote waje shuleni kwetu tarehe 14, saa mbili asubuhi. Kazi ya wiki mbili ya Shahd nimeimaliza kwa alasiri moja. Wasichana watafurahi.

Jumamosi, 31 Mei

Muuza samaki amenipongeza. Muuza kahawa amenipa kikombe bure. Mtu nisiyemjua alinishika mkono hapo Ndia Kuu akaniombea dua.

Jumanne, 3 Juni

Leo lazima niandike kwa urefu, na sitajipendelea.

Shahd alifika shuleni na kadi zake mkononi, zote, akilia. Jana alizunguka nyumba ishirini na moja na hakuna aliyezipokea. Wanamwambia, "Kadi za nini, mwanangu? Tumesikia msikitini. Wote saa mbili." Watu wa Kuze wanakuja. Watu wa Makadara wanakuja. Mtu amempigia Bi Aida kutoka Majengo akiuliza kama anaweza kuwaleta wakwe zake.

Hanin aliningoja nje ya maabara hadi nilipomaliza na kidato cha nne. Hakuongea haraka kama kawaida yake.

"Mwalimu, ni wewe uliyewaambia watu wa msikitini?"

"Ni mimi. Nilitaka kuwasaidia."

"Tumehesabu na Hafswa. Wanaweza kufika mia sita. Daktari anaona mia na sitini. Wazee mia nne na arobaini watasimama kwenye mvua, kisha tuwaambie rudini." Akameza mate. "Mwalimu, kazi ile ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya Shahd. Ndiyo mara ya kwanza Shahd kupewa kitu na watu."

Mdomo wangu ulikwisha kufunguka kumwambia achunge ulimi. Nikamtazama. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, macho yamejaa machozi ambayo hayakuruhusiwa kushuka. Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa akiniambia kweli kwa adabu kamili.

"Umesema kweli," nikamwambia. "Nimekosa."

Nyumbani nikamsimulia Lamis. Aliacha kukata vitunguu. "Hukutaka kusaidia," akasema. "Ulitaka jina lako liwe mara mbili kwenye ule ukuta." Ndoa ya miaka ishirini na mbili ina ubaya wake.

Jumatano, 4 Juni

Nimeomba radhi mbele ya darasa, na kwa Shahd kwa jina lake. Wasichana waliniangalia kama mtu anayevuka barabara yenye malori. Shahd akasema, "Haidhuru, Mwalimu," kwa sauti ambayo nusu ya darasa waliisikia, na kwake hiyo ni kelele.

Bi Nasipwondi alipigiwa simu akaja wakati wa chakula cha mchana, na mabuti yake. Hakunilaumu. Alisema mwaka wake wa pili Shimanzi aliwahi kupeleka malori kumi na moja kwenye lango lililofungwa, na yakaziba barabara mpaka jioni. "Lililopita limepita. Tunaweza kubadilisha nini? Siku?"

"Daktari ana siku moja tu," wakasema.

"Watu?"

"Hatuwezi kuwafukuza wazee."

"Basi inabaki kazi yenyewe. Ni nani hasa anayelazimika kumuona daktari?"

Shahd ndiye aliyejibu. Alisema si wote mia sita wenye mtoto wa jicho. Wengine wanataka miwani ya kusomea tu, wengine hawana kitu ila wamesikia kuna daktari. "Tukiwajua mapema," akasema, "wale wanaomhitaji ndio tuwape kadi."

Mwalimu Seth akampigia daktari palepale. Daktari akasema upimaji wa mwanzo hauhitaji udaktari: unahitaji ubao wa herufi E, kamba ya mita sita, na subira. Kesho anakuja kutufundisha, wasichana na walimu pamoja.

Alhamisi, 5 Juni

Nimekaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yakigusa kidevu. Ubao una herufi E nyingi, nyingine zimetazama juu, nyingine chini, kulia, kushoto, kubwa hadi ndogo. Anayepimwa hahitaji kujua kusoma. Anasema tu miguu ya E imeelekea wapi. Walimu tisa walikuja. Nilijaribiwa na Hanin.

"Mwalimu, kamba imelegea. Hizo ni mita tano."

Nikaivuta. Nimefundisha vipimo miaka ishirini na sita.

Ijumaa, 6 Juni

Idd. Nyama, watoto, wageni. Hakuna aliyetaja mradi, maana Hanin aliiacha siku hii tupu kwenye karatasi tangu mwanzo. Ningepanga mimi, ningeisahau.

Jumapili, 8 Juni

Tumeanza nyumba kwa nyumba, mwalimu mmoja na wasichana wawili. Shahd ndiye anayesema nani aende wapi. Vichochoro vyetu vinafaa: kutoka baraza ya nyumba moja hadi baraza ya tatu ni mita sita kamili. Mzee anakaa huku, ubao unashikwa kule, na wapitao wanasimama kungoja. Mwenye mkokoteni wa maji alisimamishwa, akakasirika, kisha akaomba naye apimwe. Haoni vizuri jicho la kushoto. Amepata kadi.

Jumatatu, 9 Juni

Nyumba thelathini na nne. Miguu.

Jumatano, 11 Juni

Leo ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Nilimwomba Hanin aje yeye mwenyewe, nikamuonya: mama hakubali. Kwake, macho ni mazima na dunia ndiyo imeingia giza.

Mama alikuwa amekaa ukumbini na jirani yetu wa chini, wamevaa vizuri kama wanaongoja picha. "Mpime huyu kwanza," akasema mama. Jirani akapimwa: juu, kulia, chini, juu, kushoto. Hanin akaandika, akampa kadi. Kisha ikafika zamu ya mama, naye akajibu bila kusita, kwa sauti ya ushindi:

"Juu. Kulia. Tini. Juu. Kushoto." Akanigeukia. "Wasikia? Mato yangu mazima. Ni taa zenyu ndizo mbovu."

Hanin akasema kwa upole, "Bibi, ubao nimeuweka nyuma ya kiti. Sijaushika."

Jirani akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nilijua tufani inakuja. Badala yake mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akapapasa mkono wa Hanin. "Wewe mwana wa nani wewe? Huyu mwanangu amenitafuta miaka mitatu hajanipata."

Baadaye, nilipokuwa jikoni nikitayarisha kahawa, nikamsikia akimwambia Hanin jambo ambalo mimi hakuniambia kamwe: kuwa dada yake mkubwa alipasuliwa jicho zamani, wakiwa wasichana, na alirudi nyumbani haoni kabisa. Ndiyo sababu. Si ukaidi. Ni hofu, na ameibeba peke yake miaka yote hii huku mimi nikimtania kwa kanzu na vikombe.

Hanin hakumhubiria. Alisema, "Bibi, mimi si daktari, sitakuahidi kitu. Nakuandikia kadi ya saa nne. Ukija nitakuwa mlangoni." Na mama akaipokea.

Ijumaa, 13 Juni

Tumepima watu mia tano sabini na mmoja. Wanaohitaji daktari ni mia moja arobaini na wanane. Wengine wameshaambiwa hali yao, na wengi walishukuru kwa kuambiwa tu.

Alasiri Mwalimu Seth amevusha mashine za daktari kwa feri, masanduku matatu, akizikumbatia kama watoto. Niliuliza kwa nini zisije kesho pamoja na daktari. Hanin akasema, "Mtu anaweza kuvuka vyovyote, Mwalimu. Mashine haiwezi." Nikaona ni wasiwasi wa bure.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi na mbili nilifungua lango. Nilifika saa kumi na moja na nusu, nisije nikaharibu kazi yangu moja.

Mvua ilikuwa ikimwagika tangu alfajiri. Mtaro wa uani ulikuwa umeziba na ukumbi wetu mkubwa, tuliopanga kuutumia, ulikuwa na maji mpaka kifundo cha mguu. Hanin alikwenda kwenye karatasi ya kaki, akasoma kwa sauti: "Mvua ikiingia ukumbini, madarasa manne ya chini." Akataja majina sita, na wale sita wakaondoka mbio. Kwa dakika arobaini viti, meza na mashine vilikuwa vimehama. Bi Nasipwondi akafika na lori dogo na turubai la kufunikia mizigo, pana kama uwanja, akaja na wapakiaji wawili wakalifunga juu ya ua. Tukapata mahali pa kungojea pakavu.

Saa mbili daktari hakuwapo. Feri moja ilikuwa imeharibika, na magari yalikuwa yamejipanga Likoni hadi mbali. Bi Aida alianza kutembea huku na huku. Saa mbili na dakika arobaini akaingia langoni mtu ameshika viatu mkononi na suruali imekunjwa hadi magotini. Daktari Kingi. Aliacha gari lake Likoni, wakavuka na watembea kwa miguu, kwa feri nyingine, yeye na wasaidizi wake. "Mashine zangu ziko wapi?" akauliza. Ziko mezani, zimepanguswa, zimewashwa. Nilimtazama Hanin. Hakunitazama, alikuwa akiita namba moja.

Wazee walikuja kila mmoja kwa saa yake, wenye miavuli, wenye mifuko ya plastiki vichwani. Mama alifika saa nne kasoro, ameshikwa na Lamis. Hanin alikuwa mlangoni, akampokea, na Lamis akarudi nyumbani.

Saa sita likatokea ambalo halikuwa kwenye karatasi.

Daktari, ili aone ndani ya jicho, huwatia watu matone ya kupanua mboni. Baada ya matone hayo mtu haoni vizuri kwa saa nyingi. Sasa chini ya turubai walikuwa wamekaa wazee hamsini na tatu waliokwisha kuonwa, wamefurahi, wanakunywa chai, na hakuna hata mmoja anayeweza kwenda nyumbani peke yake. Waliokuja na watu wao walikuwa wachache. Vichochoro vilikuwa vinatiririka maji. Na wengine walikuwa wakiendelea kutoka kwa daktari, na viti vimekwisha.

Hanin alipoona, rangi ilimtoka. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Wallahi kila mfupa ulinisukuma nipande kwenye kiti nitoe amri. Nikatia mikono mifukoni.

Akakaa kwenye ngazi. Akafumba macho kama dakika moja. Kisha akamwita Shahd, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akizijua nyumba zote hizo, wakachora vichochoro kwenye kipande cha karatasi, wakawagawa wazee kwa mitaa badala ya namba. Kila kundi likapewa msichana mmoja na mtu mzima mmoja. Akaanza kuita. Bi Aida akapewa Kuze. Mwalimu Seth akapewa watu wa Makadara na lori la Bi Nasipwondi. Bi Aida, mwalimu mkuu, akaitikia "Sawa" na kuchukua mwavuli.

"Mwalimu Abdulbasit," akasema Hanin, "Kibokoni ni yako. Watu tisa. Mmoja ni bibi."

Basi nikatoka langoni nimetangulia, mama ameshika kanzu yangu kwa nyuma, jirani ameshika buibui la mama, na nyuma yao wengine saba, kila mmoja ameshika nguo ya mwenziwe, na msichana wetu mwishoni kabisa. Tulikwenda polepole, nikipaza sauti: "Hatua! Dimbwi! Baraza kulia!" Watu wakatoa vichwa madirishani. Mmoja wa wazee akaanzisha wimbo wa harusi, na wengine wakaupokea, na mtu juu ghorofani akapiga vigelegele. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupani, na sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi vile. Nilirudi, nikachukua kundi la pili. Nikarudi tena. Safari tano.

Daktari alimaliza saa kumi na nusu. Kati ya mia moja arobaini na wanane, wameonwa mia moja arobaini na sita. Mmoja amesafiri na mmoja alipitiwa na usingizi. Wenye mtoto wa jicho ni hamsini na wawili, na kila mmoja ana tarehe. Nyanya yake Shahd, tarehe 8 Julai. Mama, tarehe 15.

Jumatatu, 16 Juni

Tumekaa kutazama lililokwenda sawa na lililokwenda kombo. Hanin ameandika mwenyewe kwenye karatasi: "Tulipanga watu watafikaje. Hatukupanga watarudije. Kosa langu." Nikaandika langu chini yake.

Bi Aida ameuliza ni walimu gani watakaolifundisha somo hili mwakani. Mkono wangu ulikuwa juu, na wa Seth, na wa wengine watano.

Ijumaa, 27 Juni

Likizo fupi. Jana Hanin alishinda Shimanzi na Bi Nasipwondi, kwenye godauni. Leo babake, mwenye duka la vitambaa, amenijia barazani. Tukasalimiana vya kutosha, tukaulizana hali za watu wote, kisha akasema: "Mwalimu, binti yangu amerudi ati ataka kusomea kusimamia miradi. Asema yule mama ana wanaume thelathini wanaomsikiliza. Hiyo ni kazi kweli? Mtoto wa kike ataishi nayo?"

Nilimwambia kazi hiyo ipo bandarini, ipo kwenye majengo, ipo hospitalini, na kila mahali watu wanaitafuta na hawaipati. Akawa bado ananitazama.

"Mimi nimefanya kazi chini ya binti yako siku moja," nikamwambia. "Akiniita tena nitakwenda."

Alimaliza kahawa yake, akasema atazungumza na mamake.

Jumapili, 13 Julai

Mama amesema hendi. Kesho kutwa ndiyo tarehe yake, na amesema hendi. Lamis amebembeleza, mimi nimebembeleza. Baada ya Alasiri tukasikia mtu anapanda ngazi zetu bila kushikwa. Ni nyanya yake Shahd. Hakubembeleza. Akaomba msahafu, akaufungua katikati, popote, akasoma ukurasa mzima kidole kikiwa mapajani. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Liliuma?" akauliza.

"Kidogo. Kilichoniuma zaidi ni kuiona rangi ya mapazia yangu."

Mama amesema nimtafutie kanzu yake ya kijani ya kusafiria.

Jumatano, 16 Julai

Jana amepasuliwa jicho la kulia katika hospitali ya daktari, huko kusini, tukalala kwa dada yangu Likoni. Leo asubuhi muuguzi akaondoa bandeji. Mama alitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kwa muda mrefu.

Kwenye feri alikataa kukaa. Alisimama ameshika chuma cha ukingoni, akitazama watu: wachuuzi, mabinti wa shule, mtu aliyebeba kuku, na kila mmoja akamueleza kwa sauti kana kwamba mimi ndiye nisiyeona. Katikati ya maji akanigeukia. Akanitazama, akanitazama.

"Vua kofia."

Nikavua.

"Nywele zimekutoka lini?"

"Huu mwaka wa nane, mama."

"Na hukunambia."

Akainyoosha kofia yangu kwa mikono yake, akanivika, akaigeuza kidogo ikae sawa, kisha akarudi kutazama watu.